Kinga na Kamyo: Vidokezo vya Kugawana Barabara ya Uvira

Barabara ya Taifa namba 5 (RN5) hushuka kutoka Bukavu hadi Kamanyola, hukata Bonde la Ruzizi kupitia Luvungi, Luberizi na Sange, huingia Uvira, kisha hubanwa kati ya ziwa na milima ikielekea Makobola, Baraka na Fizi. Juu yake hupita kamyo za saruji na mafuta, Hiace za abiria, pikipiki zisizohesabika, na baiskeli ambazo kwetu tunaziita kinga. Kinga ndizo zinazoleta makala jikoni, mchele wa bondeni sokoni, bidoni za mawese mjini na ndagala hadi vijiji vilivyo mbali na maji. Zikikaa nyumbani siku mbili tu, kila mama anayepika Uvira atajua.

Penye mashimo mwendo hupungua wenyewe. Hatari huja pale njia inaponyooka, vumbi linapotulia na shofere anapoona bonde lote limefunguka mbele yake. Hapo kinga inayokwenda kilomita 12 kwa saa inakutana na gari linalokwenda 80 au zaidi. Vidokezo hivi ni vya wote wawili, ila sitajifanya kwamba mizani yao ni sawa. Mwenye tani kumi anaweza kuua kwa kosa dogo. Mwenye kinga akikosea, mara nyingi anayeumia ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo naanza na shofere.

1. Shofere, hesabu mita kabla ya kukanyaga

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mtu mwenye akili timamu, asiyelewa wala kusinzia, huchukua kama sekunde moja kuona hatari na kupeleka mguu kwenye freni. Mita hizo 22 zinakwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Halafu freni zenyewe, kwenye lami kavu na kwa gari zima, zinataka mita nyingine 35 hivi. Ukiwa kwenye 40, jumla yake ni kama mita 20 tu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga freni huongezeka mara nne, na hakuna ufundi wa shofere unaobadilisha hesabu hiyo.

Sasa weka changarawe badala ya lami, weka mzigo wa saruji, weka matairi yaliyokwisha meno. Mtoto anayetoka kuchota maji na bidoni nyuma ya kinga hana nafasi. Ukiona nyumba ya kwanza ya kijiji, iwe Runingu au Swima, mguu utoke kwenye mafuta hapo hapo. Kusubiri uone mtu ndipo upunguze ni kuchelewa.

2. Ukimpita, mpe mita moja na nusu

Ufaransa inamtaka dereva ampe mwendesha baiskeli angalau mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Hispania nayo imeweka mita moja na nusu, na Ujerumani nje ya mji inataka mita mbili. Hao ni watu wenye barabara laini na baiskeli zisizo na mzigo. Kwetu, kinga yenye gunia mbili za makala inayumba, na anayeiendesha analazimika kukwepa shimo bila kukutaarifu. Mita moja na nusu ndiyo sadaka ndogo kabisa.

Kamyo kubwa ikipita kwa kasi, upepo wake kwanza humsukuma mtu nje, kisha humvuta ndani, kuelekea kwenye matairi ya nyuma. Mwenye kinga asiyekuwa na habari huangukia pale pale. Kama mbele kuna gari linalokuja na nafasi haitoshi, kaa nyuma ya kinga. Utasubiri sekunde chache.

3. Usukani wa kulia: hapa pana jambo zito

Magari mengi ya mitumba yanayotufikia yametoka Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam. Huko Japani na Tanzania watu huendesha kushoto, na usukani uko kulia. Kongo, sawa na Burundi na Rwanda, tunaendesha kulia. Basi shofere wetu amekaa upande wa majani, na upande wa katikati ya barabara amekaa abiria.

Angalia matokeo yake. Shofere huyo anaona ukingo wa kulia vizuri sana, kwa hiyo anajiamini kupita karibu mno na kinga. Lakini akitaka kuipita kamyo iliyo mbele yake, macho yake yamezibwa na mgongo wa kamyo. Inambidi alitoe karibu gari zima upande wa pili ndipo aone kuna nini. Na huko upande wa pili, kwenye ukingo, kuna mtu anakuja na kinga yake, akiamini kwamba upande ule ni wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika njia hii, na inazungumzwa kidogo kuliko hatari nyingine yoyote.

Ufanye nini? Usiibandikie kamyo mgongoni. Rudi nyuma, acha mita 40 au 50. Ukiwa mbali unaona pembeni mwa kamyo na hata mbele yake kwenye kona. Konvwayeri aliyekaa kushoto akusaidie kutazama, na awe mtu mzima aliye macho, wala si kijana anayechezea simu. Akisema "bado", ni bado. Na ukishaona njia, jiulize swali la pili: mbali ya magari, kuna kinga inayokuja? Kinga ikiwepo, njia haiko wazi.

4. Mwenye kinga, tazama mbele kuliko nyuma

Watu wengi wanaoendesha kinga huogopa kelele za nyuma. Kwa sababu niliyoeleza hapo juu, tazama zaidi magari yanayokuja kukukabili. Ukiona kamyo inakuja na nyuma yake kuna kichwa cha gari dogo kinachungulia, jua kwamba huyo anatafuta njia ya kupita na huenda asikuone. Panga mapema utatokea wapi: penye majani, penye uwanja wa nyumba, kabla ya mfereji. Kushuka na kusimama pembeni nusu dakika hakukupunguzii heshima.

Endesha kulia, pamoja na magari. Kuna wanaokwenda kinyume wakidhani wataona hatari vizuri zaidi, lakini mwendo wako na mwendo wa gari vinajumlishwa, na shofere anapata muda mfupi zaidi wa kukukwepa. Anayetembea kwa miguu bila kitu ndiye anayefaa kutembea kushoto, akiyakabili magari. Anayesukuma kinga yenye mzigo hubaki kulia kama aliyeipanda.

Mkiwa wawili au watatu, fuataneni kama kumbikumbi, mmoja nyuma ya mwingine. Mazungumzo ya bei ya makala yatangoja mfike.

5. Usiishike kamyo, hata mlima uwe mkali namna gani

Aliyewahi kupita barabara ya Bujumbura kwenda Bugarama ameona vijana wa Burundi wakipanda mlima huku wameshika mkia wa kamyo kwa mkono mmoja, halafu wakishuka na mikungu ya ndizi kutoka juu ya mita 2,000 hadi ziwani kwa kasi ya kutisha. Wanafanya hivyo kwa sababu mlima ni mrefu na kipato ni kidogo, sitawakejeli. Lakini kamyo ikifunga freni ghafla, au ikiingia shimoni, mkono hauachii kwa wakati. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao tangu enzi za Zaire, unakataza waziwazi mwendesha baiskeli kukokotwa na gari jingine. Unakataza pia kuachia usukani kwa mikono yote miwili, na kubeba mzigo unaozuia kuendesha.

Konvwayeri, wewe uliye juu ya kamyo, una kazi hapa. Ukiona kijana ameshika nyuma, mwambie shofere apunguze taratibu na asimame. Kumrushia maji au kumpiga fimbo mikononi ili aachie ni kumuua.

6. Mzigo: urefu si tatizo, upana ndio

Gunia zilizofungwa kwa ubavu huifanya kinga iwe pana kama gari dogo, na aliye juu yake hajui mwisho wa mzigo wake uko wapi. Funga kwa urefu, juu ya tairi la nyuma, na zito likae chini. Bidoni za mawese zining'inie kwa usawa pande zote mbili. Moja ikiwa nusu na nyingine ikiwa imejaa, kinga itakuvuta upande mmoja safari nzima. Kamba za mpira zikaguliwe kila asubuhi, kwa kuwa kamba ikikatika huingia kwenye spoku.

Freni ni za kujaribiwa ukiwa na mzigo, kwa sababu kinga tupu husimama kwa hiari yake. Mvua ikinyesha, freni zinazobana ukingo wa tairi hupoteza nguvu mpaka maji yafutike. Bana kidogo kidogo kabla ya mteremko ili zikauke. Na ile desturi ya kufunga freni kwa kandambili iliyokanyaga tairi iachwe kwa watoto wanaocheza uwanjani.

7. Jua na giza vina saa zao

Hapa kwetu giza halina utani. Karibu na saa kumi na mbili jioni jua huzama, na kabla ya nusu saa kuisha kumekuwa usiku mtupu, mwaka mzima. Milima ya Mitumba huliwahi jua zaidi, kwa hiyo Uvira na vijiji vya kusini huingia kivulini mapema. Anayetoka Sange saa kumi na moja jioni na mzigo hatafika Kavimvira kukiwa na mwanga.

Kati ya Kavimvira na Gatumba barabara inakwenda mashariki na magharibi. Asubuhi, anayekwenda Bujumbura ana jua machoni, na jioni anayerudi analo tena. Shofere mwenye jua machoni na kioo chenye vumbi haoni kinga kabisa mpaka aifikie. Shofere, futa kioo kabla ya kuondoka na shusha mwendo. Mwenye kinga, ukiona kivuli chako kimelala mbele yako na ni kirefu, jua limekaa mgongoni kwako, na anayekuja kukukabili amepofuka. Kama jua liko machoni mwako, anayetoka nyuma yako naye amepofuka hivyo hivyo.

Usiku, taa nyeupe mbele na kitu chekundu kinachong'aa nyuma. Tochi ndogo ya sola iliyofungwa kwenye usukani inatosha kukufanya uonekane, hata kama haikuonyeshi mashimo. Shati jeupe linasaidia. Koti jeusi linakuficha. Kipande cha plastiki kinachoakisi mwanga, kikishonwa nyuma ya gunia, ni kinga nzuri kuliko dua peke yake. Shofere naye apunguze taa kali anapokutana na baiskeli kama anavyofanya anapokutana na kamyo, maana aliyepofushwa na taa zako huendesha sekunde kadhaa bila kuona, na huenda akaingia mbele yako. Ukipofushwa, usitazame taa. Tazama ukingo wa kulia wa barabara mpaka gari lipite.

Na karibu na ziwa, viboko hutoka majini usiku kula majani. Wakazi wa mitaa ya ufukweni wanalijua hili. Ni sababu moja zaidi ya kufika nyumbani mapema.

8. Honi ipigwe mbali

Honi ndefu ikipigwa mita tano nyuma ya mtu aliyebeba kilo 80 humfanya ageuke, na akigeuka kinga inageuka naye. Piga fupi, ukiwa mbali, mara moja au mbili, kisha subiri uone amesikia. Akiinua mkono au akisogea, pita kwa utulivu. Asiposogea, huenda ana shimo upande wake, au ni kiziwi. Usimlipize.

9. Usipoiona sura ya shofere kwenye kioo, naye hakuoni

Kidokezo hiki ni cha mjini zaidi, hasa pale kamyo zinapoingia na kutoka bandari ya Kalundu. Kamyo ina sehemu asizoziona dereva: mbele chini ya pua yake, nyuma, na ubavuni, upande ulio mbali naye. Kwa kamyo yenye usukani wa kulia, upofu mkubwa uko kushoto. Kwa yenye usukani wa kushoto, uko kulia, pale pale kinga inapopenda kupenya. Kamyo ikiwa imesimama na inataka kukata kona, usipenye. Matairi ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele, na anayedhani ana nafasi huishiwa nayo.

10. Hiace husimama bila kuaga

Abiria akigonga bati, gari linasimama hapo hapo. Weka umbali, na upite upande usio na mlango. Konvwayeri, chungulia nyuma kabla ya kufungua.

11. Mawe na matawi: ukiweka, uondoe

Kamyo ikiharibika, ni desturi yetu kukata matawi na kuyaweka barabarani kuwaonya wanaokuja, na kuweka mawe chini ya matairi. Desturi nzuri, nami naisifu. Ubaya ni kwamba kamyo ikitengenezwa huondoka na mawe yanabaki. Gari kubwa hupita juu yake. Kinga gizani hugonga na kumtupa mtu katikati ya njia, mbele ya gari linalofuata. Kazi ya mwisho ya konvwayeri kabla ya kupanda ni kulisukuma jiwe nje ya barabara. Ifanywe kila mara.

12. Tangi la mafuta likipinduka, kimbia

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, tangi la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange. Watu walisogea kuchota, wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Mafuta yalipolipuka, zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo watoto na wanawake wengi. Bonde lote lilizika.

Mwenye kinga na bidoni tupu nyuma yake ndiye wa kwanza kushawishika, na sijui mtu maskini asiyeshawishika. Ila mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, huingia mferejini na majumbani bila kuonekana, na cheche ya mbali huuwasha. Mbabula ya mama anayekaanga samaki inatosha. Injini ya pikipiki inatosha. Geuza kinga, nenda upande upepo unakotoka, na kila unayekutana naye mwambie azime moto na aondoke. Chukua watoto, acha bidoni.

13. Mtu akigongwa

Kwanza zuia magari pande zote mbili, maana wanaokusanyika kutazama hugongwa nao. Damu inayotoka kwa nguvu ibanwe na kitambaa safi, kwa kiganja, bila kuachia. Asiyeweza kusogeza miguu au anayelalamika shingo asivutwe wala kukalishwa kwenye pikipiki. Abebwe akiwa amelala juu ya ubao, kichwa kikishikwa kisicheze. Na kabla ya yote hayo, kofia ngumu, kwa anayeipata, ivaliwe na ifungwe chini ya kidevu. Ikiwa imetundikwa kwenye usukani haimlindi mtu. Shofere aliyegonga asipigwe. Akipigwa leo, kesho mwenzake atakimbia na kumwacha majeruhi barabarani.

14. Tudai bega la barabara

Haya yote niliyoandika ni ya kujikinga katika njia ambayo haikupimwa kwa ajili ya kinga. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Majirani wetu wamejaribu njia tofauti. Bujumbura, Machi 2022, serikali iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya mji kwa sababu ya ajali. Kigali, Septemba 2025, ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika, na barabara zikafungwa ili baiskeli zipite peke yake. Sisi hatuhitaji kufukuzwa wala kufungiwa barabara. Kuiondoa kinga RN5 ni kuliondoa gunia la makala na la mchele, na aliyeiendesha hana kamyo ya kupanda badala yake.

Tunachohitaji ni bega: kipande cha kando, kilichoshindiliwa, chenye upana wa mita moja na nusu au mbili kila upande, kinachoendelea hata juu ya madaraja, na matuta ya kupunguza mwendo penye shule na soko. Bega hugharimu kidogo likipangwa mwanzoni, na hugharimu sana likisahauliwa. Basi mhandisi akija mtaani kwenu na vigingi vyake, awe ametumwa na serikali au na kampuni, msimuulize tu kazi itaanza lini. Muulizeni kinga itapita wapi, na msikubali aondoke kabla hajawaonyesha kwenye ramani.